Luqmani Akiitwa Hageuki

Morogoro mjini, 28 Januari 2024

Mama mkubwa Mwaisha,

Shikamoo. Natumai wewe na mbuzi wako mmeamka salama na mguu umepungua kuuma. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, anasema kitenge kilifika na anakivaa kila Ijumaa mpaka majirani wanadhani hana kingine. Joto la mji huu unalijua, sina haja ya kulisimulia.

Mjukuu wako Luqmani amezoea. Wiki ya kwanza alilia, ya pili alinuna, na sasa ndiye wa kwanza kuvua viatu mlangoni. Rehema alipiga simu kutoka Ngerengere kwa mumewe, nikamwambia mwanawe anakula na analala vizuri, akashukuru.

Ila Mama mkubwa, ngoja niseme linalonikera kabla halijanikaa rohoni. Mtoto wa miaka miwili na nusu umemfungashia chupa ya kunyonyea, hirizi mbili na kanga ya kumbebea mgongoni! Abebwe na nani? Nina watoto kumi na wawili darasani, mkubwa wao ana miaka mitatu. Darasa letu ni la mtindo wa Montesori, nilikueleza siku ile ukawa unaitikia huku unachambua mchele. Kila kitu chetu ni kifupi, viti, meza, hata sinki. Mtoto anajivalisha, anafagia, anadeki, anajimiminia maji, akimwaga anafuta mwenyewe. Luqmani alipofika alikuwa anakaa na mdomo wazi akisubiri kulishwa. Nilimsubiri dakika ishirini na tano mpaka akashika kijiko.

Sasa nina maswali matatu, yamo kwenye fomu ya kila mtoto. Alianza kutembea lini? Aliwahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa? Na nyumbani anasema maneno gani? Kwa maana huku sijamsikia hata moja. Ningekupigia, lakini najua simu hutaki, eti ukipanda kilimani kutafuta mtandao Kinole nzima inasimama kukusikiliza. Haya, niandikie basi, Stambuli anapita kila akija kupakia matunda.

Mwanao,
Sabra


Kinole, 18 Februari 2024

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Barua yako Stambuli kaileta jana. Imekaa kwenye fuso lake chini ya kiti siku ishirini pamoja na spana na kipande cha muwa. Nimemsema mpaka akakosa pa kuangalia. Mguu ndio huo huo. Mananasi yameisha, mafenesi yanaanguka yenyewe na hakuna wa kuyala, na mbuzi mmoja amezaa mapacha. Mwambie mama yako kitenge kile ni cha harusi, si cha kuendea sokoni.

Sasa wewe. Mimi nimekaa na barua yako nikaisoma mara tatu, nikidhani labda miwani yangu ndiyo inanidanganya. Kufagia? Kudeki? Kumimina maji? Hayo si ningemfundisha mwenyewe hapa Kinole bila sare na bila fomu? Mimi nilimtoa mtoto huku milimani nikamtuma kwako wewe mwenye cheti ili asemeshwe. Asemeshwe, Sabra! Nawe unakaa dakika ishirini na tano unamtazama mtoto mwenye njaa, halafu unaniandikia kwa majivuno.

Msemeshe. Mwite jina lake kwa nguvu. Huyo ni mkaidi, akiitwa anajitia hamnazo, nimehangaika naye mpaka koo limekauka. Usimwonee haya.

Maswali yako nimeyaona. Alitembea alipotaka kutembea. Hayo mengine ni mambo ya fomu, na mimi si mtu wa fomu.

Nimekutumia mikungu mitatu ya ndizi na mdalasini. Hirizi mrudishie shingoni.

Mama yako mkubwa,
Mwaisha


Morogoro mjini, 10 Machi 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, na pole na mguu. Ndizi zimefika, mkungu mmoja Stambuli ameuketia. Tunaingia Ramadhani kesho kutwa, inshallah. Mama ameshaanza kuhesabu tende.

Mama mkubwa, nimekuuliza maswali matatu, umenijibu kuhusu mafenesi. Haya. Nitakueleza mara moja tena, halafu nitajinyamazia.

Tunapomwonyesha mtoto kazi tunafunga mdomo. Nakaa upande wake wa kulia, nashika jagi kwa mikono miwili polepole, namimina, nasimama kidogo, namrudishia. Bila neno. Mtoto mdogo akitazama mikono na kusikiliza maneno kwa wakati mmoja, vyote viwili vinampotea. Wala hatuitani kwa kupaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba. Nikimtaka mtoto nanyanyuka, namfuata, nachuchumaa, namgusa bega. Na akizama kwenye kazi yake hatumkatizi, hata kama chakula kinapoa. Kwa hiyo huo ushauri wako wa kuita kwa nguvu ni kinyume cha kila nilichokisomea miaka miwili. Naomba tuheshimiane.

Na kwa taarifa yako, huyo unayemwita mkaidi ndiye bora darasani kwangu. Namwonyesha kitu mara moja tu, anakishika. Juzi tulikuwa tunachambua maharage, mekundu huku, ya njano huku. Furaha, kale kasichana ka miaka mitatu kenye vurugu, kakaangusha trei nzima ya vijiko nyuma yake. Watoto wote waliruka, wawili wakalia, Mosi msaidizi wangu akapiga kelele kuwashinda watoto. Luqmani hakuinua hata uso. Aliendelea, jekundu huku, la njano huku, mpaka la mwisho. Umakini wa namna hiyo sijauona tangu nianze kazi. Nimeuandika kwenye daftari lake.

Hirizi ziko kabatini, anapomimina maji zinamning'inia kwenye jagi. Na maneno yake yatakuja, kila mtoto ana wakati wake. Sasa jibu swali la pili na la tatu, tafadhali sana.

Mwanao,
Sabra


Kinole, 4 Aprili 2024

Sabra,

Marahaba. Tumefunga salama, mvua inatunyeshea futari. Ni wiki ya tatu haijakata. Barabara imeanza kumeguka pale kwenye kona, Stambuli anasema hii huenda ndiyo safari yake ya mwisho mpaka masika iishe, ndiyo maana naandika mbiombio na mkono una unga.

Hilo la trei usinisimulie tena. Vijiko vinaanguka, mtoto hashtuki, nawe unaandika kwenye daftari kwamba ni umakini! Hebu nitolee balaa hapa.

Sikiliza nikuambie, na nikisema nimesema. Juni mkifunga darasa, mlete. Nitakaa mlangoni kwangu. Akiingia akaniambia "Shikamoo Bibi", basi mrudishe mjini, umkuze mpaka amalize chuo kikuu, sitakuuliza tena habari za kudeki. Asiposema, habanduki hapa. Atakaa na mimi, atalishwa, atabebwa, na ukaidi wake nitaujua mwenyewe. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mama yake yuko Ngerengere, kwa hiyo mwenye neno ni mimi. Wewe ni wa ukoo huo huo lakini mimi ni mkubwa.

Homa umeuliza. Hakuna mtoto asiyepata homa. Ushajibiwa.

Idi njema kabla haijafika.

Mwaisha


Morogoro mjini, 19 Mei 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi wa nne nimeipata jana! Stambuli alikwama, akaliacha fuso njiani, akarudi kwa miguu, na barua ikabaki ndani ya fuso. Alhamdulillahi mko hai. Tulisikia maporomoko upande wenu, nikawa roho juu wiki mbili. Ungekuwa na simu yenye chaji ningelala.

Mama ana kikohozi, anakunywa tangawizi. Idi ilipita vizuri.

Masika nayo tumeifanyia kazi. Kila asubuhi watoto wanatoka na mabuti kuangalia ndoo tuliyoiweka uani, wanatia kijiti, wanaona maji yamefika wapi. Halafu wanakuja ndani na matope mpaka kwenye nyusi, na hapo kazi ya kudeki, ile unayoidharau, inakuwa kazi kweli. Luqmani anakamua tambara mpaka halitoi tone. Furaha alimwingiza chura kwenye kabati la kofia, Mosi hajapona mpaka leo.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Dar, wanaofundisha walimu wa darasa kama hili. Nikawaonyesha Luqmani anavyomimina maji vikombe sita bila kudondosha. Walimpiga picha. Mmoja aliniambia, mwalimu, huyu mtoto ndiye kielelezo.

Siku chache kabla ya hapo kulikuwa na radi kubwa hapa mjini, bati lilitikisika. Kuna kitu niliona. Basi, tutaongea likizo, si jambo la barua.

Kuhusu hilo sharti lako. Mama mkubwa, mtoto si kasuku. Huwezi kumwekea mtihani mlangoni. Nimekasirika na nakuambia nimekasirika, kwa heshima zote. Lakini Juni atakuja, kwa sababu nikikukatalia utashuka na fimbo, ingawa kushuka hujashuka huu mwaka wa tatu. Mosi atamleta.

Na bado hujajibu.

Sabra


Kinole, 20 Juni 2024

Sabra,

Marahaba. Idi ya kuchinja tumeila, nyama yako nimeikausha. Machenza yameiva mlima mzima, ukifungua dirisha unayanusa.

Mtoto kafika. Nilikaa mlangoni kama nilivyosema. Akaja mbio, akanikumbatia miguu, akavua viatu akavipanga. Nikasubiri. Nikamwambia mimi kwanza, "Luqmani, mwambie Bibi nini?" Akaenda zake ndani kutafuta dekio.

Hakusema siku ile, hakusema kesho yake, hakusema Idi. Anamenya machenza vizuri, hilo nakupa, kayamenya debe zima lililokuwa la mteja. Anaosha vikombe vyangu hata visivyo vichafu. Nikimpa kazi kwa mkono anafanya, nikimwambia kwa mdomo ananitazama mdomo. Umenifundishia mtumishi, Sabra, hujanifundishia mjukuu.

Na ukaidi ndio umezidi. Jumanne alikuwa anatoka kisimani mbele yangu, kabeba jagi kwa mikono miwili, anakwenda katikati ya njia polepole hivyo hivyo mlivyomfunza. Pikipiki ikatokea nyuma na magunia ya machungwa, inateremka. Kijana akapiga honi. Akapiga tena. Mimi nikapiga ukelele, "Luqmani! Luqmani toka!" mpaka watu wakatoka majumbani. Hakupinda hata shingo. Yule kijana akaitupa pikipiki kwenye migomba, machungwa yakaporomoka mpaka mtoni, yeye akachubuka mkono mzima. Ndipo Luqmani akaona chungwa linapita miguuni pake, akageuka, akacheka.

Nilimchapa. Fimbo mbili, za miguu, mbele za watu, maana walikuwa wanasema nimemlea vibaya. Akanitazama kama hajui kosa lake.

Neno ni neno. Harudi. Mosi atakuletea barua hii na begi tupu.

Mwaisha


Morogoro mjini, 25 Juni 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, utanisamehe.

Luqmani hasikii.

Si mkaidi, wala hajitii hamnazo. Hakuisikia honi na hakukusikia wewe. Alichapwa kwa kosa la masikio yake, na kosa hilo nusu ni langu, kwa sababu mimi nilijua.

Nilikuambia siku ya radi niliona kitu. Niliona hivi. Luqmani alikuwa dirishani, amenipa mgongo, anakamua tambara. Radi ikapiga juu yetu kabisa. Watoto kumi na mmoja walinirukia miguuni, Mosi naye wa kumi na mbili. Yeye akaendelea kukamua. Akageuka kutafuta ndoo, akatukuta sote tumeshikana tunalia, akashangaa, akamletea Furaha lile tambara ajifute machozi. Walipolala mchana nilimwamsha peke yake, nikamkalisha, nikaenda nyuma yake nikapiga makofi. Nikachukua sufuria na mwiko. Hakugeuka, Mama mkubwa.

Nikamrudisha kwenye mkeka wake. Siku tatu baadaye wageni wakaja, nami nikamsimamisha mbele yao nikamwita mtoto wangu bora. Sikusema neno. Nilikuwa naogopa kuonekana mwalimu niliyekaa na mtoto miezi minne nisijue. Mwalimu wa kuangalia watoto! Ndiyo kazi yangu yote hiyo, kukaa na daftari na kuangalia.

Ukitaka kujua ilikuwaje nisione, ni hizo hizo sheria ninazojivunia. Namfundisha kwa mikono na mdomo nimefunga. Simwiti kwa sauti, namgusa bega. Akizama simkatizi. Ungetaka kujenga nyumba ya kumficha mtoto asiyesikia usingeijenga vizuri zaidi ya darasa langu. Wenzake walikuwa wanababaika na maneno yangu kidogo, yeye hakuwa na la kumbabaisha.

Nimepata nafasi kwa daktari wa masikio, Jumatatu tarehe 8 Julai, saa tatu asubuhi. Mlete, au mpe Mosi, nimemrudisha huko huko na barua hii. Kila mwezi unaopita bila lugha yoyote ni hasara kwake, wala siyo maneno ya kukutisha.

Na nakuomba kwa jina la Mungu, usinijibu habari za machungwa. Ilikuwa lini? Alizaliwa hivi au kuna kilichompata?

Sabra


Kinole, 30 Juni 2024

Sabra,

Nimepata barua. Nimempa Mosi mtoto, nguo zake zimo zote, na machenza ya njiani.

Mimi sishuki. Mguu.

Daktari akisema, niandikie alichosema.

M.


Morogoro mjini, 14 Julai 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anauliza mbona umeandika mistari mitano.

Daktari amepima, na wamempima tena siku ya tatu kwa mashine amelala. Masikio yote mawili. Kifaa cha sikio kitamsaidia kidogo, labda asikie mlango ukibamizwa. Maneno hayatamfika kwa njia hiyo. Amesema tusipoteze siku nyingine, aanze lugha ya alama sasa hivi, na kila anayeishi naye ajifunze.

Halafu akaniuliza, aliwahi kupata homa kali, shingo kukakamaa, degedege? Nikasema sijui. Mbele ya wanafunzi wake wanne wa udaktari, mimi mama yake mdogo, mwalimu wake, sijui. Nikatoka nje nikampigia Rehema. Rehema akasema hapana, aliwahi kupata homa ya meno tu alipokuwa na miezi tisa, Mama aliniambia. Homa ya meno. Nikarudi ndani nikalisema hilo neno, na daktari akaniangalia akaweka kalamu chini.

Nimekuuliza Januari. Nimekuuliza Machi. Nimekuuliza Mei na Juni. Watu wananiona mpole kwa sababu nachuchumaa na kunong'ona na watoto siku nzima, lakini nimechoka na wewe, Mama mkubwa. Nimechoka kabisa. Ungesema neno moja tu Januari, angekuwa na nusu mwaka wa lugha mkononi mwake.

Tumepata mwalimu, Abdulmajid, ni kiziwi mwenyewe, anakuja Jumanne na Alhamisi. Darasa zima linajifunza. Watoto wanashika haraka, mimi na Mosi ndio wazito, vidole vyetu vimekakamaa. Juzi Luqmani kapata alama yake ya kwanza, ya maji. Akaifanya, nikampa kikombe. Akanitazama, akatazama kikombe. Akaifanya tena. Asubuhi ile aliomba maji mara kumi na moja, tumbo likawa ngoma. Hakuwa na kiu. Alikuwa hajawahi kuomba kitu akapewa hicho hicho. Nililia pale pale kwenye mkeka na sheria ya darasa inakataza.

Sitakuandikia tena mpaka uniambie. Si kwa ajili ya fomu. Rehema anauliza, na nitamjibu nini?

Sabra


Kinole, 1 Septemba 2024

Mwanangu Sabra,

Nimeanza barua hii mara nyingi, karatasi nimewashia jiko. Stambuli amepita mara nne akiniuliza kama nina mzigo, namwambia sina. Leo kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia asubiri hapo hapo mlangoni, asiondoke, niandike akiwa amesimama. Amesimama, anahema makusudi nimsikie.

Ilikuwa masika ya mwaka ishirini na mbili. Rehema alikuwa ameondoka wiki mbili, ameniachia mtoto anacheka, akisikia redio ya jirani anatikisa kichwa. Ndiyo, alikuwa anasikia. Homa ikampanda siku ya Jumatano. Nikamfukiza, nikamkanda, nikasema ni meno. Alhamisi shingo ikakaza. Watu wakaniambia nimpeleke, barabara imekatika lakini wapo vijana wa kumbeba mpaka kwenye lami. Nikasema mvua hii itamuua njiani, tungoje kesho. Ijumaa nikasema tungoje. Jumamosi ndipo wakanipokonya wakambeba. Alilazwa siku kumi na mbili, akapona, nikamshukuru Mungu, na nikamwambia Rehema kwa simu ni meno, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimenizunguka kinasikiliza na nilishindwa kusema kwamba nilingoja.

Alipotoka hospitali nikamwita hakugeuka. Nikajua siku ile ile, Sabra. Mimi nimelea watoto saba, utaniambia nini? Lakini nikikubali kwamba hasikii, lazima nikubali na zile siku tatu. Nikaamua ni mkaidi. Mkaidi anaweza kuacha ukaidi. Nikawa namwita kila siku, kwa sauti kubwa zaidi, nikingoja ageuke anifute lile kosa. Nilimtuma kwako ili uone, useme wewe mwenye cheti, isitoke mdomoni mwangu. Nawe ukaniandikia umakini! Nilitaka kuja kukuchapa.

Sina cha kukulaumu. Ulificha miezi miwili, mimi nimeficha miwili na nusu, ila yangu ni miaka.

Rehema nimempigia juzi. Nilipanda kilimani palipo na mtandao, watu wakakaa kama kawaida yao, nikasema yote kwa sauti, wasikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakata simu. Hajapiga tena, na sitamsumbua.

Jumatatu ya tarehe tisa nashuka na Stambuli. Sitakuja kumchukua mtoto, na usinipe kitanda chako, nitalala na mama yako. Nimesikia mna viti vifupi, nitakaa hivyo hivyo na mguu wangu. Muulize huyo Abdulmajid kama anapokea mwanafunzi wa miaka sitini na nne mwenye vidole vya jembe.

Ila kuna alama moja nataka unionyeshe wewe mwenyewe kabla sijaingia ndani alipo mtoto, pale nje, mlangoni. Usiniambie kwa mdomo. Kaa upande wangu wa kulia unionyeshe polepole, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, maana sitaki kuikosea mbele yake. Nimemchapa mtoto huyu kwa kutonisikia tangu alipoanza kutembea. Nionyeshe mtu anasemaje "nisamehe".

Bibi yake,
Mwaisha